Pua ya Fundi Anande

Taifa na litangaziwe: kwenye gereji moja ya Sombetini kuna pua. Imegundua petroli iliyochakachuliwa, oili iliyoungua na klachi inayoelekea kufa, bila kipimo wala mashine. Wenye magari makuukuu huifuata kutoka Kimandolu hadi Ngaramtoni.

Saa mbili asubuhi hii, pua imelala chali chini ya gari la mwaka 1998, na mwenye pua anatukana kipande cha chuma.

"Kimeganda, shetani huyu," inasikika sauti ya Anande Nnko, fundi wa miaka hamsini na sita. "Kimeng'ang'ania ekzosi kama mpangaji asiyelipa kodi."

Anachopigana nacho ni sensa ya oksijeni, kidude kinene kama kidole gumba kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi. Kazi yake ni kuupima moshi na kuiarifu injini iongeze petroli au ipunguze. Ikifa, injini hunywa petroli kama ya kupewa bure, moshi huwa mweusi, na taa ya njano huwaka kwenye dashibodi.

Gari ni la Simaloi, muuza maziwa wa Ngaramtoni. Kila alfajiri huwapitia wafugaji, hupakia madumu nyuma na kuyapeleka mjini. Juzi mgahawa unaonunua karibu maziwa yake yote uliyarudisha.

"Shikamoo fundi," alisema alipofika. "Maziwa yangu yananuka petroli. Wamesema yakinuka tena nisirudi. Hebu nusa, uniambie ni nini."

"Marahaba mama."

Anande aliinama nyuma ya gari, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Gereji nzima ilinyamaza, utadhani mchungaji anaomba.

"Ni ekzosi," alitangaza. "Petroli haiungui yote, inatoka na moshi na kuingia garini kwa mlango wa nyuma. Sensa imekufa."

"Pua imesema!" alipaza sauti Godwin, mpiga rangi wa magari.

Jambo ambalo Simaloi hakulijua, na mwandishi wa makala haya, aliyekuwapo, naye hakulijua hadi mchana, ni kwamba pua haikuwa imesikia chochote. Ilikufa miaka miwili iliyopita, baada ya mafua makali. Fundi aligundua siku maharage yalipoungua jikoni naye ameketi pembeni ya jiko.

"Mke wangu alikuja mbio kutoka uani. Akaniuliza, 'Baba Angel, umekaa tu?' Nikamdanganya kwamba nilidhani harufu ni ya kwa jirani."

Tangu hapo husoma masizi kwenye plagi za injini na rangi ya moshi, kisha huigiza kunusa. Wiki nzuri humpa shilingi laki moja; mbaya humpa nauli.

"Vijana wana mashine za kupimia. Mimi nilikuwa na pua," anasema. "Niliwaza, nikitangaza imekufa, nani ataleta gari?"

Lakini kinachomuuma zaidi hakiko gereji. "Aprili nilipata mjukuu. Watu wanamnusa kichwani, wanacheka. Mimi namshika tu."

Saa tano sensa inaachia. Imetoka nyeusi kama mkaa. Anande anasafisha tundu, anaifunga mpya kwa vidole kwanza, kisha kwa spana, bila kuilazimisha. Anachomoa waya wa betri ili gari lisahau hitilafu, anaurudisha, anawasha. Taa ya njano imezimika.

"Umeniokoa, fundi," anasema Simaloi, akipanda garini. Mara anashuka. "Mbona bado?"

"Bado nini, mama?"

"Inanuka. Tena kuliko asubuhi. Husikii? Si wewe ndiye pua?"

Godwin anasogea akicheka, kisha anaacha kucheka. "Zima gari! Zima!"

Anande anaingia tena chini, safari hii na tochi. Mpira wa kupitishia petroli umepasuka, na matone yanaanguka karibu kabisa na ekzosi ya moto. Amelala kando yake asubuhi nzima. Bega la ovaroli limelowa petroli. Alidhani ni maji.

Anatoka, anaketi juu ya tairi.

"Mama, pua yangu haisikii kitu. Mwaka wa pili huu. Nilikuwa naigiza."

Godwin anatazama pembeni. Simaloi anamsogelea fundi.

"Huwa nampakia mama mkwe humu, fundi. Na harufu niliisikia tangu wiki iliyopita. Leo nikaacha kuiamini pua yangu kwa sababu ya yako." Anavuta kanga begani. "Ungesema tu. Ningekunusia mwenyewe."

Anande anabadilisha mpira na kukataa malipo. Kuanzia kesho, anasema, kila mwenye gari atanusa mwenyewe kwanza, naye atashika spana kulingana na anachoambiwa na anachokiona. "Wengine watahama. Wakibaki watatu, nitafanya kazi na hao watatu. Lakini sitalala tena nikisubiri kusikia gari la mtu limeungua."

Kisha anageuka.

"Na wewe mwandishi, umechuchumaa hapa tangu asubuhi. Hukusikia harufu?"

Mwandishi anatazama viatu vyake. Aliisikia tangu saa mbili. Alinyamaza makusudi, akingoja kuona pua maarufu itachukua muda gani kuigundua, huku akichekea moyoni.

"Niliisikia, mzee," anakiri. "Nilidhani ni mchezo."