Mlango wa Bi Sijaona

Bi Sijaona wa Kibiti amepamba maharusi miaka thelathini na moja, na hakuna harusi hata moja ambayo watu waliuliza kapamba nani. Atasifiwa bibi harusi, litasifiwa pilau. Yeye hufungasha vikopo vyake vya poda akarudi nyumbani kwa mguu. Lilimuuma, jamani, tusidanganyane.

Ndipo mtoto wa dada yake, Muharami, akaanzisha bendi ya Mikoko Kelele: wanaume wanne wazima, wanja machoni, rangi midomoni, mashati yaliyoshonwa kwa vitambaa vya kupambia kumbi, wanapiga magitaa kama yamewatukania mama zao. Nani mwingine angewapamba? Wazee walinuna. Bi Sijaona akawajibu kuwa uso ni uso, poda haina mume wala mke.

Mwaka jana akaja Deusdedit kutoka Dar, na kamera begani na kofia ya sufu kichwani katika joto hili letu, kutengeneza filamu ya bendi. Hakutaka jukwaa tu, alitaka nyuma ya jukwaa, "kule kwenye ukweli." Akaahidi: "Na jina lako litatokea mwisho wa filamu, mama. Kubwa!"

Hapo alimpata. Bi Sijaona alituma salamu kwa ndugu zake mpaka Ruaruke: safari hii mtanijua.

Ziara ya maonyesho wakaianzia Kiongoroni. Waliingia kwa boti, wakapewa darasa la shule wabadilishie nguo. Deusdedit akasogea na kamera yake, mlango ukafungwa usoni pake.

"Mama, fungua basi, nirekodi unavyowapamba."

"Una wazimu? Anayepambwa haonekani mpaka atolewe. Kwani kwenu hamfundwi?"

"Lakini hawa si maharusi!"

"Anayekaa kwenye kigoda changu ni mwali, awe na ndevu asiwe nazo. Muharami, funga mdomo, rangi itaingia menoni!"

Ikawa hivyo Ruaruke, ikawa hivyo Mbwara. Dirishani alitundika kanga, tundu la ufunguo akaliziba kwa pamba. Miezi mitatu Deusdedit alirekodi mbao. Na huko ndani, wahuni wenyewe walikuwa wakinywa chai ya tangawizi na kugombania kioo.

Filamu ilionyeshwa Kibiti, kwenye banda la video. Bi Sijaona alikaa mbele, dera jipya, ndugu wa Ruaruke wamejaza benchi zima. Nusu ya filamu ilikuwa mlango, na sauti yake ikitoka nyuma ya mlango: "Rangi itaingia menoni!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke tu, yeye alikuwa anangoja jina.

Likatokea, kubwa kweli kweli. MLINZI WA MLANGO: BI SIJAONA.

Ndugu wakapiga vigelegele. Wifi yake akamshika mkono. "Kumbe siku hizi uko kwenye ulinzi! Hongera!"

Bi Sijaona alicheka, moyoni analia. Alimfuata Deusdedit nje akamuuliza ni nani aliyemwambia aandike vile.

"Muharami, mama," Deusdedit akasema, macho chini. "Nilimuuliza niandike mpambaji au vipi. Akasema mwanamuziki mkali kama yeye hawezi kuonekana anapakwa wanja na mama yake mdogo. Eti watu wa Dar watamcheka."

 Bi Sijaona alirudi nyumbani kwa mguu, kama siku zote.

Filamu ikawapa bahati, bendi ikaitwa Dar kwenye tamasha. Asubuhi ya safari Muharami alikuja mbio, uso mkavu bila poda wala wanja, wenzake watatu nyuma yake, gari linapiga honi barabarani. Akagonga mlango.

"Mama mdogo! Fungua utupambe, tumechelewa!"

 Komeo likasikika likifungwa kwa ndani, kra!

"Kupamba sijui, mwanangu," Bi Sijaona akasema kutoka ndani. "Mimi mlinzi wa mlango. Na leo niko kazini."