Farasi Aliyefundishwa Majini

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyovaa joho la chuo, mwanangu, ni ile niliyoangushwa na farasi mbele ya soko zima la Pap Onditi. Nilitua juu ya mafungu ya omena, dagaa wa ziwani kwetu. Mpaka leo wapo wazee wanaonisalimia kwa kunusa hewa.

Ilikuwa miaka ya themanini. Chuo kikuu kilifungwa, nikarudi Nyakach na maswali mengi kuliko nguo. Nilimuuliza katekista nani alimwona Adamu. Nilimuuliza baba kwa nini mila inalazimu kaka yangu ajenge kabla yangu. Hata methali sikuziacha. Wakisema mwenda pole hajikwai, nasema kobe pia hujikwaa, ila hakuna mwenye subira ya kumtazama.

Huko Songhor, afisa mmoja mstaafu aliyeishi Milimani, Kisumu, alinunua shamba la miwa, akakuta humo farasi jike aliyezaliwa vichakani, hajaguswa na mkono wa mtu. Farasi huyo alivunja ua na kukanyaga miwa ya majirani. Nilikuwa pale natafuta kibarua siku mzee huyo alipokuja na bunduki kummaliza. Nikamwambia farasi anipe mimi.

Akatazama viatu vyangu. "Mwezi mmoja," akasema. "Siku ya soko la mwisho wa mwezi nitapita kwenu. Nikikuta anapandwa, ni wako. Nikikuta bado ni wa porini, nitamaliza kazi yangu."

Tulimleta kwa lori la miwa, nikamwita Yamo, yaani upepo. Nilikuwa na kitabu cha kufundisha farasi nilichoazima Kisumu, nimekisoma mara tatu. Wiki ya kwanza tu nikampanda siku ya soko, ili watu waione elimu. Habari ya omena unayo tayari.

"Asante ya punda ni mateke," alisema Baba Akinyi, fundi wa baiskeli, akinipangusa mgongo. "Na hii ni punda ya digrii."

Watu walicheka. Hakucheka Waya Penina, yaani shangazi Penina, dada ya baba yangu, mjane aliyefundisha ng'ombe wa kulima wa kijiji kizima. Alikuwa ameinama akimsaidia mwenye omena kuokota.

"Wewe mtoto wa kaka yangu," akasema bila kuinua kichwa, "unauliza padri, unauliza serikali. Mimi nyumba yangu iko hapo tu nyuma ya kwenu. Uliniuliza lini?"

Nilikuwa na jibu, mwanangu. Nilitaka kusema ng'ombe si farasi. Lakini ukweli ni kwamba sikumuuliza kwa sababu hakujua kusoma. Nikalimeza lile jibu, likashuka kwa shida.

"Nifundishe, Waya."

Maneno hayo mawili yaliniuma kuliko mbavu.

Kwa wiki mbili Yamo alitembea bega kwa bega na Rateng', dume jeusi la kulima la Waya, wamefungwa kamba moja shingoni, kutoka shambani hadi ziwani na kurudi. Mimi nilitembea kando, nimekatazwa kumgusa, ila niseme naye njia nzima.

"Niseme nini?"

"Jisifu," akasema Waya. "Vile wanaume wanajisifu kwa karamu. Mnyama haogopi sauti anaijua."

Basi mimi, niliyemhoji Adamu, nikazunguka Nyakach nikimweleza farasi mimi ni mwana wa nani, mjukuu wa nani, shujaa aliyepigana na omena.

Kisha tukaingia ziwani. Waya alifundisha ng'ombe wakaidi ndani ya maji, kwa kuwa mnyama aliyezama hadi kifuani hawezi kurusha mateke ya maana. Nililala juu ya mgongo wa Yamo kama gunia. Aliruka, maji yakaumeza mruko wake. Akazunguka, nikaanguka, nikanywa ziwa. Nikapanda tena. Mara ya nne alisimama, sikio moja limegeukia sauti yangu. Ukingoni Waya alikuwa amejikalia, anacheka hadi kitambaa kikamdondoka.

Kila siku tulipunguza maji. Kifuani, tumboni, magotini. Siku nne kabla ya soko tulikanyaga mchanga mkavu, nami bado niko juu.

Siku yenyewe pikapu ya mzee ilisimama kando ya soko, bunduki kwenye kiti. Nilikuja kutoka ziwani bila Rateng', suruali inachuruzika. Kina mama wa omena walipotuona wakaanza kufunika mafungu yao. Na palepale aliponiangusha, Yamo akagoma. Nilimsikia akitetemeka chini ya mapaja yangu. Mzee akafungua mlango wa gari.

Sikuvuta kamba. Nikajisifu, polepole: "Mimi ni Ochieng', mla omena mbichi, mwanafunzi wa Penina."

Yamo akapiga hatua. Ya pili. Kisha akatoka mbio, mwanangu, soko zima kutoka mwanzo hadi mwisho, na vigelegele vikitufuata nyuma.

Niliporudi mzee alikuwa amefunga mlango. "Nani alikufundisha?"

Nikamwonyesha. Akavua kofia mbele ya Waya, akamwambia farasi ni wetu.

"Basi digrii mpeni Penina," akasema Baba Akinyi.

Sikuambii uache kuuliza. Mimi bado nauliza, na katekista wa sasa ananikwepa. Nakuambia tu utazame ni nani umemruka katika maswali yako, na kwa nini. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na methali hiyo niliijaribu kwa mbavu zangu ndipo nikaiamini. Jambo kubwa lianzie penye maji mengi, usilianzie sokoni.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe pa kuanguka pasipokuvunja, na mtu wa ukingoni atakayekucheka na asiondoke mpaka utoke nchi kavu.