Kamusi ya Kiyunani Ndani ya Kopo la Maziwa

Krr-krr, tk. Krr-krr, tk. Kimya kidogo, halafu tena krr-krr, kama kuku anayeparura bati. Hiyo ni sauti ya kompyuta kuukuu ikisoma disketi. Siku ile nilisimama mbele yake, mikono nimeikumbatia kifuani, nikisema bismillahi kimoyomoyo kwa kila mkwaruzo. Ndani ya disketi ile mlikuwa na kazi ya miaka mingi ya mzee mmoja, na hapakuwa na nakala nyingine popote.

Mkwaruzo ukakoma. Faili likafunguka. Nikatazama kioo, nikakaa chini sakafuni bila kutafuta kiti.

Lakini nirudi nyuma kidogo, la sivyo hutajua kwa nini nilikaa sakafuni.

Mimi nilikomea kidato cha pili. Nikajifunza kupiga taipu kwetu Msambweni, kisha nikapata kazi Ukunda katika duka la kuchapa la dada mmoja wa kwetu vilevile, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Tulichapa barua za watu wanaoomba kazi mahotelini Diani, menyu, kadi za harusi. Nilikuwa msichana wa kucheka ovyo na kuota mchana. Kila nilipochapa menyu nilijiona siku moja nimechapa kitabu, kitabu hasa, chenye mgongo, na mtu wa mbali anakifungua asijue kwamba kila herufi imepita kwenye vidole vyangu.

Basi akaingia Mwalimu. Sote tulimwita hivyo. Alikuwa mzee wa kutoka bara, amestaafu, zamani akifundisha vijana wanaosomea uchungaji. Alibeba madaftari kwenye mfuko wa turubai. Ilikuwa kamusi: maneno ya Kiyunani cha kale upande huu, maana yake kwa Kiswahili upande ule.

"Wanafunzi wangu," aliniambia, "kila neno la Kiyunani wanalazimika kulipitisha kwanza kwenye Kiingereza, na Kiingereza chenyewe wanakiogopa. Mimi nataka waende moja kwa moja."

Nami Kiingereza nilikiogopa, nikampenda hapo hapo.

Zile herufi ndizo zilizonitisha. Mwalimu alikuja na disketi ya fonti, yaani sura za herufi, bosi akaiingiza kwenye mashine yetu, na kibodi ile ile ya menyu ikaanza kutoa vitu nisivyovijua. Ukibonyeza Q unapata thita, kama yai lililofungwa mkanda. Omega ilikaa kwenye W, psi kwenye Y. Alama za juu ya herufi zilikuwa na vibonyezo vyake pia. Mkato wa mshazari tukauita fimbo, mabano tukayaita mundu wa kulia na mundu wa kushoto, na alama ya sawasawa, iliyotoa kijiwimbi juu ya irabu, tukaiita wimbi. Mwandiko wa Kiyunani wa Mwalimu ulinishinda, kwa hiyo yeye alinitajia vibonyezo kimoja kimoja, mimi nikibonyeza.

"Q."

"Q."

"A. Mpe fimbo."

"Nimempa."

"L, A, S, S, A. Haya, soma."

"Nisome nini, Mwalimu? Mimi naona mayai na kulabu."

"Thalassa. Bahari. Nimekuanzishia na ya kwenu."

Nikacheka hadi bosi akatoka nyuma kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo, nikisahau fimbo, Mwalimu hukohoa na kusema, "Mwanangu, umemnyang'anya mzee fimbo yake. Sasa atatembeaje?" Nami humrudishia mbio. Alinieleza kwamba fimbo ndiyo inayomwonyesha msomaji mahali pa kukaza sauti, na kwamba kijana akijifunza neno bila fimbo yake atalikosea hadi uzeeni.

Jioni bosi alikuwa na sheria moja: disketi za kazi zisilale dukani. Wezi, alisema, huiba mashine na kila kilichomo. Kwa hiyo disketi ya Mwalimu ililala kwetu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya mchele mkavu ili unyevu wa bahari usiiguse. Na karatasi tulizokwisha kuzichapa nilizilaza chini ya godoro.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na saba, na fujo zile za kabla ya uchaguzi. Sitaki kuzieleza zote. Watu wa bara walifukuzwa, nyumba zikachomwa, nasi wa pwani tukajifungia ndani tukisikiliza miguu barabarani. Duka letu likaungua na kompyuta yake. Nyumba aliyopanga Mwalimu ikaungua na madaftari yake, na ile disketi ya fonti. Yeye alitoka na nguo za mwilini, akaenda kwa binti yake Mackinnon Road.

Kwetu ikavuma kwamba askari wanapekua nyumba, wanatafutwa walioapishwa kwa siri kuwafukuza watu wa bara, na hirizi zao, na maandishi yao. Mama akainua godoro langu. Akazikuta kurasa za Kiyunani.

"Hivi ni nini?"

"Kazi ya Mwalimu, mama. Ni kamusi."

"Kamusi gani ina madudu haya? Mtu akiingia hapa akaona talasimu hizi, utamweleza ni kamusi? Atakungoja umalize kueleza?"

Tukazitia jikoni moja moja chini ya sufuria ya uji, kwa mikono yetu wenyewe, mimi nikilia, mama akichochea kuni. Kopo la maziwa hakulifungua. Alidhani ni mchele tu.

Hivyo ndivyo kazi yote ya mzee yule ilivyobaki ndani ya kipande kimoja cha plastiki chenye ukubwa wa kiganja.

Miezi ikapita. Bosi akanunua kompyuta iliyotumika kutoka hoteli moja iliyokosa wageni, akaiweka sebuleni kwake Msambweni, akaniita. Mwalimu akasikia, akaniandikia barua. Aliniuliza hali ya mama kwanza, kisha hali yangu, kisha, mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kama anayeona haya: disketi ipo?

Nami, kwa ile furaha yangu ya kijinga, nikajibu siku ile ile, kabla sijaijaribu kwenye mashine yoyote. "Ipo, Mwalimu. Ipo nzima." Akaandika kwamba atateremka Alhamisi.

Sasa unajua kwa nini Jumanne ile nilikaa sakafuni. Thita hamna, omega hamna. Palipokuwa na Kiyunani palijaa herufi za kawaida zilizovurugwa na mikato na mabano, kama mtu aliyeanguka kifudifudi juu ya kibodi. Kiswahili peke yake kilibaki kizima: ndugu, shamba, ukweli. Upande wa pili takataka tupu.

Bosi akamwita fundi, kijana wa bara aliyekuwa akitunza kompyuta za hoteli moja Diani. Akatazama, akapiga mluzi.

"Sista, hapa umeingiliwa."

"Nimeingiliwa na nani?"

"Vairasi. Cheki vile imefanya. Kiswahili imekiacha, Kigiriki imekula chote."

"Vairasi inachagua lugha?"

"Hizi za siku hizi zina akili, wacha tu."

"Na dawa?"

"Dawa ni kusafisha. Toa uchafu, baki na Kiswahili. Hiyo ingine sahau, msee wangu, ishaenda."

Akanionyesha jinsi ya kuiamuru mashine itafute alama moja faili zima na kuifuta kila ilipo, kwa mkupuo mmoja. Akanywa chai, akaenda zake.

Nikabaki na kioo. Kila herufi ya Kiyunani ilikuwa na faili lake, na la kwanza ni alfa, refu kuliko yote. Uchafu uliokuwa mwingi zaidi ndani yake ulikuwa ule mkato wa mshazari. Nikaiamuru mashine iufute. Ikanguruma kidogo, na mikato yote ikatoweka. Ukurasa ukaonekana umepumua. Nikahifadhi, nikafunga faili, nikajisikia kama mtu aliyefagia uwanja.

Mkono ukataka kazi nyepesi, nikafungua thita, lililokuwa fupi. Macho yakaangukia mstari mmoja: qa/lassa, na mbele yake, bahari.

Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto kikacheza chenyewe. Kikacheza tena. Nikasikia sauti ya Mwalimu kana kwamba amekaa nyuma yangu: Q. A. Mpe fimbo.

Nikafungua ukurasa mtupu. Nikafumba macho, nikaandika kama alivyokuwa akinitajia. Nilipofumbua, lile neno langu na lile la ndani ya disketi yalikuwa sawasawa kama mapacha. Hapakuwa na vairasi. Kompyuta ilikuwa imetunza kile kile nilichobonyeza, kibonyezo kwa kibonyezo, na zile sura nzuri za Kiyunani zilikuwa nguo tu ambazo mashine ya zamani iliyavika maneno. Mashine imeungua na nguo zake. Maneno yapo, uchi, lakini yapo! Na Mwalimu, aliyenitajia vibonyezo hivyo kwa miezi, angeyasoma hivyo hivyo bila taabu.

Nikacheka peke yangu kwa sauti. Kicheko hakikumaliza safari. Nilikumbuka alfa.

Ule mkato niliofuta si uchafu. Ni fimbo.

Nikalifungua faili, nikabonyeza kila nilichokijua cha kurudisha. Hakuna kilichorudi, maana nilikwisha kuhifadhi na kufunga. Maneno yote ya alfa, ukurasa baada ya ukurasa, wazee wamenyang'anywa fimbo, na aliyewanyang'anya si moto wala fujo.

Jumatano tulichapa kila kitu kama kilivyo. Nilimweleza bosi wakati karatasi zinatoka.

"Wee mwana, nyamaza," akasema. "Mwambie moto umekula."

"Lakini moto haukuligusa faili hili, dada."

"Moto umekula nyumba ngapi? Umekula duka langu. Ukiongezewa vijifimbo utakataa? Utakwenda kulalamika?"

"Mwalimu atajua."

"Atajulia wapi, na macho yale ya uzee? Weka alfa chini kabisa ya rundo. Akiifikia atakuwa ndani ya basi, keshapita Samburu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa vilevile. Mteja huyu alikuwa wa kwanza wa bara kurudi, na alitaka aondoke anatabasamu, ili akasimulie wenzake. Akazichukua kurasa za alfa mwenyewe, akazipeleka chini, akalisawazisha rundo kwa viganja viwili, akafunga uzi.

Usiku sikulala. Niliwaza kwamba Mwalimu akiniamini ataipeleka kamusi kwa wachapaji hivyo hivyo, na wale vijana wake wanaoogopa Kiingereza watajifunza alfa yote bila kujua pa kukazia sauti. Kisha niliwaza anavyoniita mwanangu, na nikaogopa kwamba nikimwambia hataniita hivyo tena. Mtoto wa pwani tayari alikuwa na mengi ya kumwomba radhi mzee yule. Nilikuwa nimeshamwandikia "ipo nzima." Nitamwambia na hili kwa mdomo upi?

Alhamisi asubuhi bosi akaenda sokoni. Mwalimu angefika kabla ya adhuhuri. Nikafunga mlango wa sebule, ingawa hapakuwa na mtu wa kunichungulia. Nikafungua uzi. Nilipoinua rundo karatasi chache zikaanguka, nikaziokota na kuzipanga upya kwa kuhesabu mara mbili. Nikaitoa alfa chini, nikaiweka juu kabisa.

Kalamu ya bosi ilikuwa kwenye kikombe. Nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza, polepole, kwa herufi kubwa ambazo macho yake yangeziona bila miwani: "Mwalimu, fimbo za alfa nimezifuta mimi. Si moto." Nikaandika jina langu chini yake. Kisha nikafunga uzi tena, mafundo mawili.