Kumi na Saba Ipi?

Nilirudi kijijini kwetu Vitongoji na kazi niliyoiomba mwenyewe: kurekebisha programu ya kuendesha pampu ya kisima cha kijiji. Kompyuta yake ilikuwa kibao kidogo cha kuenea kiganjani, chenye safu ya pini za kuchomekea waya.

Mtaalamu aliyenitangulia alikwishaondoka. Keneli, ile sehemu ya ndani ya programu inayozungumza na vifaa, aliiandika kwa namba tupu za pini, bila majina: kumi na saba hapa, ishirini na saba pale. Tangi likijaa, pampu inaendelea kusukuma, maji yanamwagika mpaka kwenye mihogo ya jirani. Kamati ya maji ilishachoka, inataka swichi ya mkono irudishwe.

Nyaya alizifunga fundi umeme wa pale kijijini, mwanamke niliyesoma naye chuo cha Kurani kwa maalimu tulipokuwa wadogo. Nilipomsomea programu alinikatiza.

"Kumi na saba ipi, dada? Mie niliambiwa kumi na saba, nikahesabu pini kwenye kibao, nikafunga."

Kumbe programu ilifuata namba za ndani ya chipu, na hizo hazilingani na mpangilio wa pini kwenye kibao. Habari ya tangi kujaa, kutoka kihisio cha juu ya tangi, haikuwa ikifika kwenye programu kabisa.

Tukahamisha waya, kisha tukakaa barazani kwao kuzipa pini majina. Kwa kile kihisio nilipendekeza SENSA_JUU. Akacheka sana.

"Watu watadhani tunawahesabu. Sema inachosema."

Ikawa TANGI_LIMEJAA. Ikafuata KISIMA_KIKAVU, na PAMPU_WASHA. Kila jina tuliliandika mara moja tu, mahali pamoja ndani ya programu, na pembeni yake nafasi ya pini kwenye kibao.

Siku ya majaribio tangi lilijaa, pampu ikanyamaza. Mzee wa kamati akatazama huku na huku.

"Nani kaizima?"

"Imejizima, mzee," nikamjibu, na sauti yangu mwenyewe ilinishangaza kwa furaha.

Masika nilikuwa nimerudi kazini Unguja simu ilipolia.

"Pampu ilikataa kuzima asubuhi," alisema fundi. "Nikafungua programu, nikasoma TANGI_LIMEJAA, nikaufuata waya wake. Panya kaukata. Nimeshaunga, watu wanateka maji."

"Mbona hukuniita?"

"Nikuitie nini?"

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakageuka.