Mpira wa Shingoni mwa Mweri

Mweri aliuza mchicha na mnavu Mtongwe mpaka miguu ilipovimba. Hakuwa mtu wa kukaa. Jua likichomoza alikuwa amekwishavuka kwa feri, amefika soko la Kongowea, amegombana na wenye malori na kushinda. Mteja akizibonyezabonyeza mboga zake aliambiwa, "Nunua kwanza, kisha ukakande kwako." Hakuwa mkali. Ulimi tu.

Kanisani ndiye aliyewaongoza kina mama wa maombi. Walizunguka nyumba za wagonjwa na chupa ya mafuta. Mweri aliwafundisha kwamba mafuta hayapakwi juu ya nguo. Hupakwa mwilini, pale pale panapouma. Mwenye goti, gotini. Mwenye tumbo, tumboni. Kina mama wakashika hivyo.

Kisha figo zake zikafa. Daktari akasema damu itasafishwa kwa mashine, mara mbili kwa wiki, pale kituoni Likoni. Mshipa wa mkono wa kuungia mashine ulikuwa bado haujatengenezwa, basi akatiwa mpira mwembamba wa kupitisha damu shingoni. Ncha zake mbili zilining'inia juu ya kifua, na pale ulipoingilia pakafunikwa bandeji.

Mumewe, Kazungu, aliuogopa mpira ule. Alikuwa fundi wa kuezeka makuti, amepanda mapaa tangu ujana wake, na juu kule hakuwahi kutetemeka. Lakini huu ulimtetemesha. Sista, muuguzi wa pale kituoni, alikuwa amemwambia, "Mzee, huu unafika karibu na moyo. Uchafu ukiingia hapa umeingia kwenye damu moja kwa moja. Hakuna mlango mwingine wa kuuzuia." Tangu siku hiyo Kazungu alilala ukingoni mwa kitanda, asije akaugusa.

Sista mwenyewe aliitwa Carolyne, msichana wa bara, mwembamba, mwenye amri. Kabla ya kuufungua mpira aliosha mikono mpaka Kazungu akadhani ngozi itatoka. Alivaa barakoa, akamvika na Mweri, akamgeuza uso upande wa pili ili asiupumulie. Mashine aliipangusa kwa dawa kila mgonjwa aliposhuka. Bandeji ilikuwa yake peke yake. "Isilowe. Isifunguliwe. Hata wewe mwenyewe, Mama Gladys, usiiguse."

"Hata nikiwashwa?"

"Hata ukiwashwa."

"Basi utanioa wewe, maana mume wangu amenikimbia kitandani."

Mashine ya jirani ilikuwa ya Musyoka, mlinzi wa bohari Changamwe, mtu mnene, mcheshi, aliyevimba maji mpaka macho. Yeye alicheka mpaka sista akamkemea apandishe barakoa.

Jumapili moja, baada ya ibada, kina mama wa maombi wakaja Mtongwe kwa Mweri. Mbele yao alikuwa Margaret, aliyeshika uongozi tangu Mweri augue. Waliimba. Waliomba. Margaret akatoa chupa.

"Mama Gladys, ni wapi?"

Kazungu, aliyekuwa mlangoni, akaona jicho la Mweri likimtafuta. Akataka kusema. Lakini wanawake wale walikuwa wamefumba macho, na aliyewafundisha ni mkewe. Angesema nini?

"Nipake kichwani, dadangu," Mweri akasema.

"Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Wewe ndiwe uliyetuambia, pale panapouma. Au yalikuwa ya wengine tu?"

Hakukusudia ubaya. Mweri akacheka kidogo, cheko la mtu aliyenaswa. Mwenyewe akainua ukingo wa bandeji kwa ukucha. Margaret akamimina. Mafuta yakateremka chini ya plasta, na vidole vikapapasa juu yake, vidole vilivyotoka kushikana mikono na kanisa zima.

Walipokwenda zao plasta haikushika tena. Mweri alipangusa kwa kitambaa, akabandika nyingine ya dukani.

"Twende kwa sista," Kazungu akasema.

"Ili awatukane? Margaret aliniogesha nilipokuwa siwezi kusimama. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi nyamaza, Baba Gladys."

Hawakwenda. Lakini siku ile na iliyofuata hakula chakula kikapita vizuri. Kila mkewe alipojifunika kanga alimuuliza, "Ni baridi?" Naye akajibu, "Ni upepo. Hebu niache."

Siku ya mashine ikafika. Kituoni palikuwa na shughuli, kwani mafundi walikuwa wamebadilisha vichujio vya maji ya mashine siku iliyotangulia. Foleni ilikuwa ndefu, na kila mmoja alitaka kupanda. Sista Carolyne akaitazama plasta, akakunja uso. "Nani amebandika hii?"

"Ilibanduka kwa jasho," Mweri akasema.

Sista akapasafisha kwa dawa, akapachunguza. Hapakuwa na usaha wala wekundu. Joto la mwili lilikuwa sawa. Akamuunga kwenye mashine. Damu ikatoka nyekundu kwenye mirija, ikazunguka, ikarudi. Kazungu akakaa kwenye benchi nje ya kioo.

Hazikupita dakika nyingi. Kwanza vidole vya miguu vilianza kutetemeka. Kisha magoti, shuka ikawa inaruka. Kisha taya. Kazungu aliyasikia meno ya mkewe kupitia mlango ulioachwa wazi, yakigongana kama vikombe kwenye sinia. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa yanamwona mtu.

Sista akaisimamisha mashine. Akapima joto, likawa limepanda. Akamgeukia Musyoka. "Wewe wasikia baridi?"

"Mie? Nasikia woga tu."

Hakucheka mtu. Sista akamwambia mwenzake, "Huenda ni maji. Vichujio vya jana. Kama ni maji, wote hawa wanaingizwa sumu. Wafungue wote. Leo hapandi mtu mpaka yapimwe."

Musyoka akainuka nusu. "Sista, nimevimba hivi. Nikienda nyumbani hivi nitazama kitandani mwangu."

"Ukibaki huenda ukafa hapa."

Kazungu akasimama mlangoni. Mweri akamwona. Taya likigonga vile vile, akatikisa kichwa: usiseme. Kazungu alikuwa ameishi naye tangu ujana, hajawahi kumuumbua mbele ya watu. Akamtazama Musyoka, anayevuta pumzi kwa mdomo. Akaitazama ile shuka inayoruka.

"Sista," akasema. Sista hakugeuka. Akarudia. "Sista. Si maji. Bandeji ilifunguliwa Jumapili. Ilitiwa mafuta ya maombi."

Mweri akafumba macho.

Sista hakutukana. Hilo ndilo lililomtisha Kazungu zaidi. Alimpigia daktari simu pale pale, akatoa damu ya kupimwa, akamtia Mweri dawa mshipani. Maji yakapimwa vilevile, kwa kuwa hakutaka kuamini neno la mtu peke yake. Yalikuwa safi. Wengine wakarudishwa kwenye mashine, Musyoka wa kwanza.

Mpira ukang'olewa. Daktari akasema mwingine hautatiwa mpaka damu isafike, na mpaka hapo hakuna mashine. Mweri akalazwa. Ikawa ni kungoja mambo mawili yanayoshindana: dawa ikiua wadudu, maji yakipanda mwilini. Kazungu alibonyeza mguu wa mkewe asubuhi na jioni. Shimo la kidole lilikaa pale pale, halikujaa. Kila siku lilikuwa refu zaidi. Mweri hakumsemesha.

Alipoanza kuhema kama Musyoka, daktari akasema hawawezi kungoja tena. Homa ilikuwa imeshuka, si yote. Wakamtia mpira mpya, upande wa pili wa shingo, wakamrudisha kwenye mashine vivyo hivyo.

Sista akaosha mikono. Akavaa barakoa. Akamgeuza Mweri uso, ukaelekea upande wa mumewe.

"Baba Gladys."

"Naam."

"Siku nyingine ukinisema, nisemee Jumapili ile ile. Usingoje nigonge meno."

"Wewe ulinikataza."

"Nami ni mungu?"

Mungu alimpa muda baada ya hapo, si mwingi. Lakini siku ile hayo hayakujulikana. Mashine ikaanza kuzunguka, damu ikatoka, na Kazungu hakuitazama. Alilitazama taya la mkewe chini ya barakoa, kama litatulia, na hakuthubutu kupepesa macho.