Joto la Athanas, Baridi ya Gakii

Digrii tisini na moja. Athanas Oloo, fundi wa kompyuta mwenye umri wa miaka thelathini na sita, anaisoma namba hiyo kwenye kioo na kujifuta jasho, ingawa AC ya duka inavuma vizuri. Nje, mtaa wa Al Mansoura umefika digrii arobaini na sita, na hata paka wamejificha chini ya magari.

Hatua tatu kutoka kwake, kwenye meza ya pili, fundi mwenzake Gakii anakunywa chai. Kompyuta yake inasoma sabini na tatu.

"Anakunywa chai," Athanas anamnong'oneza mwandishi wa makala haya kama mtu anayeripoti wizi. "Katikati ya mtihani."

Mtihani wenyewe si mchezo, ingawa unahusu michezo. Vijana wa Doha wanaocheza gemu hutaka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikimbizwe kupita kasi iliyopangiwa kiwandani. Ikikimbizwa huchemka, na ikifika digrii mia hujizima yenyewe isije ikaungua. Kazi ya fundi ni kuipoza.

Leo duka linatafuta fundi mmoja wa kusimamia kazi hiyo. Prosesa ni za aina moja, kasi ni moja, muda ni nusu saa, na mwenye digrii chache ndiye mshindi. Atakayekosa atabaki na vioo vilivyopasuka na kibodi zilizomwagiwa chai ya karak.

Athanas anaamini nafasi hiyo ni haki yake. Alitoka Ahero, Kenya, miaka tisa iliyopita, akawa mlinzi wa geti Al Rayyan kwa miaka mitatu, zamu ya saa kumi na mbili kwa siku.

"Kuna nyumba walitupa kompyuta. Nikaiokota, nikaifungua na bisibisi ya kuazima," anakumbuka. "Nikaiunguza. Ya pili pia nikaiunguza. Ya tatu ilipokubali, nililia, na mimi si mtu wa kulia."

Gakii, binti wa Meru, ana miezi kumi na minne tu dukani. Ana diploma, ana kicheko, na kosa lake kubwa kuliko yote ni kwamba wateja wanalijua jina lake.

"Mimi wananiita 'sadiki', yaani rafiki, vile wanaita kila mtu," Athanas anasema. "Yeye ni 'Gakii, Gakii'. Na mimi nina miaka sita hapa!"

Kisha, bila kuulizwa na mtu, anaongeza: "Huu si wivu. Ni uchunguzi."

Ni uchunguzi wa kina. Anajua Gakii huweka pesti ya kupitisha joto kiasi cha punje ya dengu, hufunga skrubu kwa kukingamanisha kona na kona, na hupuliza mavumbi kila Jumatatu. Asubuhi ya leo, walipokuwa wakifunga vipoza joto vipya juu ya prosesa, macho ya Athanas yalikuwa kwenye meza ya Gakii muda wote. Mikono yake tu ndiyo iliyobaki kwenye meza yake.

Digrii tisini na sita. Athanas anasimama.

"Madam, hii si haki! AC yote inampulizia yeye!"

Proscovia, Mganda anayelisimamia duka hilo, anainua macho taratibu. "Athanas, sasa unagombana na upepo?"

"Nasema ukweli, Madam. Ameketi peponi, mimi niko jehanamu."

"Khalasi. Badilisheni meza. Tunaanza upya."

Wanahamisha kompyuta. Gakii anahama na kikombe chake. Athanas anaketi chini ya AC, shati linapepea, uso umejaa ushindi.

Dakika ya tisa, kompyuta yake inajizima. Ya Gakii inasoma sabini na tatu.

Wateja watatu waliokuja kwa shughuli zao wanasahau shughuli zao.

"Athanas," Gakii anauliza kwa upole, na upole huo ndio unaomuumiza zaidi, "ulibandua nailoni?"

"Nailoni gani? Unanifundisha kazi?"

"Ile ya chini ya kipoza. Nauliza tu."

Athanas anafungua skrubu nne mbele ya watu wote. Kati ya shaba ya kipoza na prosesa, imelala karatasi nyembamba ya nailoni yenye maandishi mekundu yanayomwamuru fundi aiondoe kabla ya kufunga. Prosesa ya Athanas ilikuwa imevalishwa koti la mvua.

Proscovia hacheki, ingawa mabega yake yanacheka. Anamkabidhi Gakii usimamizi wa kazi hiyo.

Athanas anabandua nailoni, anapaka pesti mpya na kuwasha tena. Hakuna aliyemtuma. Nusu saa anakaa hapo, mikono kifuani. Namba inasimama kwenye sabini na moja.

"Sabini na moja," anasema. Anarudia kwa sauti zaidi, upande wa meza ya Gakii. "Sabini na moja! Ningemshinda kwa digrii mbili."

"Ungemshinda," Proscovia anakubali. "Lakini mteja hanunui 'ninge', Athanas. Na ungempelekea mashine na nailoni yake."

Gakii anasogea, anaitazama namba, anatikisa kichwa. "Hii ni kali, kaka. Mimi sijawahi kuishusha hivyo. Utanionyesha?"

Athanas anasema ataangalia ratiba yake.

Jioni, akikunja waya, anaeleza mpango wake. Mwezi wa kwanza duka litafungua tawi Muaither, na huko pia atahitajika msimamizi. Ameshaandika barua ya maombi. Ameandika pia orodha ya hatua za kazi na kuibandika ukutani. Hatua ya kwanza ina neno moja: nailoni.

"Safari hii naangalia meza yangu tu," anasema. "Aombe atakayeomba, mimi sijali. Nimekomaa."

Anazima taa ya meza na kuchukua begi. Mlangoni anageuka, anachungulia kama Gakii yuko mbali, kisha anamuuliza mwandishi kwa sauti ya chini.

"Kwani yeye amekwambia ataomba?"