Fundi Mizani na Watu wa Magamba

Mimi kazi yangu ni kuchapa. Barua za kuomba kazi, risala, mikataba ya kupanga nyumba, na mara mojamoja wosia. Niko kwenye chumba hiki mwaka wa kumi na moja sasa, na ukuta wangu wa kushoto ndio ukuta wa kulia wa fundi mizani. Akigonga kitu kule kwake, kalamu zangu huku zinacheza mezani. Sijazoea, na nimeshamwambia.

Fundi anatengeneza mizani za kila aina: za bucha, za ghalani, na zile za kliniki za kupimia watoto wachanga. Akimaliza kutengeneza haamini macho yake mpaka aweke jiwe la kupimia, asubiri mshale utulie, halafu aandike kwenye kadi: kilo kumi, kuzidi au kupungua gramu mbili. Hata ukimuuliza saa anakujibu vivyo hivyo. "Saa nane, kuzidi au kupungua dakika moja." Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Wapi! Ndivyo alivyo.

Sasa siku moja ya mvua, wateja hakuna, akaingia na karatasi aliyoikunja mara nne. Akataka nimchapie. Nikasoma mstari wa kwanza: "Watu wa Magamba hutembea kwa miguu miwili, wana mkia mzito, na miili yao imefunikwa magamba kama ya kakakuona."

"Fundi," nikamwambia, "umekunywa nini leo?"

Hakucheka. Akavuta kiti cha wateja, akakaa, akanieleza. Nilikuwa najua ana binti, kitinda mimba wake, na kwamba binti yuko mbali. Nilichokuwa sijui ni kwamba hawajasemezana miaka saba.

Mkewe huzungumza na binti kila Jumapili. Anachukua simu, anaingia chumbani, anafunga mlango. Fundi anabaki sebuleni na televisheni yake, anaipunguza sauti kidogo kidogo mpaka inabaki picha tu, ili asikie kicheko cha mtoto wake kupitia mbao za mlango. Maneno hayasikiki, ila kicheko anakisikia. Mkewe akitoka, fundi anauliza, "Hajambo?" Anajibiwa, "Hajambo." Hiyo ndiyo Jumapili yake.

"Si umpigie mwenyewe?"

"Nikipiga anakata."

Basi mkewe ndiye aliyemdokezea kwamba huko aliko, binti akitoka kazini, anaandika na wenzake kwenye mtandao. Wamebuni dunia yao, ina milima yake na bahari zake, na mtu yeyote anaweza kuleta kabila la viumbe wa kuishi humo. Lakini halipiti hivihivi. Kuna wapimaji watatu, na kanuni yao ni moja: kila kipawa kiwe na gharama yake, kabila moja lisije likayameza mengine. Mpimaji wa tatu anajiita Kozi, kama yule ndege. Kozi ndiye binti yake.

"Likikubaliwa kabila langu," akasema fundi, "litaishi jirani na la kwake. Atakuwa ananisoma. Hatajua ni mimi, lakini atakuwa ananisoma."

Nikataka kumwambia huo ni utoto, mtu mzima na mvi zake. Badala yake nikavuta kibodi. Nikachapa.

Tulimpa fundi jina la Mgeni, asijulikane, tukatuma. Jamani, kabila lenyewe! Magamba yasiyopenya mkuki. Masikio ya kusikia mchwa chini ya ardhi. Wanaishi miaka mia mbili, hawaugui, wanachimba nyumba nzima kwa siku moja. Akawapimia mpaka uzito: mtu mzima kilo sitini na mbili, kuzidi au kupungua gramu thelathini. Kwenye nafasi ya upungufu akaandika, "Hawapendi kelele." Mpimaji wa kwanza alijibu kesho yake: "Kwa nini hawa wasiwe wameitawala dunia yetu yote kufikia Jumatano?" Kozi hakusema kitu.

Fundi alinuna siku mbili. Aliwapenda watu wake, hakutaka wapungukiwe. Nikamtolea uvivu: wewe mwenye bucha akikuletea mizani inayoegemea upande mmoja unamfokea, halafu unaleta hii? Akarudi kwake akapunguza. Akafuta ile miaka mia mbili, akarudisha magonjwa, akaongeza kwamba Watu wa Magamba hawajui kuogelea. Tukatuma tena. Safari hii Kozi alijibu.

"Umewanyima kuogelea, kisha ukawaweka mlimani. Upungufu usiomuuma mwenyewe si upungufu. Na utoke ndani ya kipawa hichohicho, usibandikwe pembeni." Chini yake akaongeza: "Kilo sitini na mbili, kuzidi au kupungua gramu thelathini. Namjua mtu mmoja tu anayepima namna hii."

Nilimsomea mara moja. Akaniomba nirudie ile ya mwisho.

"Amenijua," akasema. Mikono aliiweka juu ya magoti, akawa anaiangalia. "Futa, dada. Futa kila kitu."

"Sifuti."

"Nakwambia futa!"

"Na mimi nakwambia sifuti. Amekujua, na bado kakufundisha la kufanya. Angekuwa hataki kukuona si angekufungia mlango? Huko wana uwezo wa kufunga. Fundi, hebu niambie ukweli. Ulimfanya nini mtoto wa watu?"

Mteja aliingia, akatoa nakala ya cheti, akatoka. Ndipo fundi akanieleza habari ya madaftari.

Tangu akiwa mdogo binti alikuwa anachora viumbe: watu wenye mabawa, watu wenye kwato, kila kabila na lugha yake na sheria zake. Madaftari kumi na manne. Alipofika miaka kumi na tisa akafeli mtihani, na fundi akaona mchawi wake ni yale madaftari. Aliogopa. Aliniambia hivyohivyo, kwamba aliogopa mtoto atakuja kulala njaa. Siku binti hayupo akayabeba yote kumi na manne, akampa mwenye duka wa kona ayachane ya kufungia bidhaa. Wiki nzima jirani akitoka dukani na sukari, imefungwa kwenye mtu mwenye mabawa. Binti aliona. Hakulia wala hakugombana naye. Alikula jiwe, hakumsemesha tena mpaka siku aliyoondoka.

"Na kumwomba radhi, ulimwomba lini?"

"Sikumwomba," akasema. "Nilikuwa najua niko sahihi. Halafu nikajua siko sahihi, lakini alikuwa ameshaondoka."

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu mtaani anajua. Nilikuwa na la kumwambia, tena lilikuwa limeiva. Nilipomtazama usoni nikaona hakuna la kuongeza. Nikafungua ukurasa mpya, nikamwambia aseme, mimi nitaandika.

Alisema polepole, macho dirishani. Kwanza akanishangaza: akawarudishia magamba yao yote, magumu kuliko mwanzo. "Hakuna mkuki unaopenya," akasema. "Lakini gamba halina hisia. Lisilopenya mkuki halipenyi kitu kingine. Mtu wa Magamba akiogopa, hujikunja. Akimwogopea mtoto wake, humkumbatia katikati, hujikunja juu yake. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Na kingo za magamba ni kali, nazo zimeelekea ndani. Mtoto anakatika. Mzazi hasikii, kwa sababu gamba halisikii. Anaona amemkinga. Kadiri mtoto anavyojitoa ndivyo yeye anavyokaza." Akangoja vidole vyangu vimfikie. "Akija kujikunjua, anamkuta mtoto ana majeraha na hajui yametoka wapi. Huuliza watu, nani kamfanyia hivi mwanangu. Ikimchukua muda mrefu sana kujua, mtoto anakuwa ameshakwenda. Basi. Weka nukta."

Niliweka nukta. Nikamwuliza uzito tuuache au tuutoe. Akasema tuuache, kwani kujificha kwa nini tena?

Siku tisa zikapita bila jibu. Kila asubuhi, kabla hajafungua kwake, alisimama mlangoni pangu, na mimi natikisa kichwa. Mteja wa kliniki alirudisha mizani ya watoto wachanga, ilikuwa inakosea robo kilo nzima, na katika miaka yote hiyo sijawahi kusikia kazi ya fundi imerudishwa. Jumapili, mkewe aliniambia baadaye, fundi hakuwasha hata televisheni. Alikwenda kukaa chini, mgongo kwenye mlango wa chumbani.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, jibu likaja. Nilikuwa na watu watatu kwenye foleni. Niligonga ukuta kwa rula, na sikuwa nimewahi kuugonga ila kwa kumgombeza. Akaja na kibano mkononi.

Wapimaji wote watatu walikuwa wameandika kwamba kabila limepita, linaweza kuishi na mengine. Chini kulikuwa na maneno ya Kozi peke yake. Nikayasoma kwa sauti ndogo, watu wangu wa foleni wasisikie:

"Kabila nimelipokea. Wewe bado. Na sehemu ya mtoto, alikokwenda na alivyopona, usiiguse. Hiyo nitaiandika mimi."

Niliogopa kumtazama. Ile "wewe bado" ilinichoma mimi, sembuse yeye. Lakini fundi alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, anafuata maneno kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Alivyopona," akasoma. "Ameandika alivyopona."

"Ndivyo alivyoandika, fundi."

"Ataiandika lini?"

"Hakusema."

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta kile kiti cha wateja, akakisogeza mpaka mbele ya kompyuta yangu, akakaa. Mwanamke wa kwanza kwenye foleni akaniuliza kama yule mzee naye yuko kwenye foleni. Nikamwambia ndiyo, yuko, tena yeye alitangulia.